Hina na nili kwa mvi, nimepaka mara mbili sasa
Jamani mi mvi zilinianza na miaka 29, rangi ya dukani ikaniwasha kichwa mpaka masikio yakavimba, ndo nikaenda Kisutu hapa Dar kwenye maduka ya Wahindi nikachukua unga wa hina, wa nili (majani ya mmea wa indigo, yanatoa rangi ya buluu nzito) na amla (tunda la Kihindi lililosagwa).

Hina ni ileile ya harusini, nikaikoroga jioni na maji ya vuguvugu, asubuhi nikapaka nikakaa nayo masaa matatu. Ukiosha hapo mvi zinakuwa rangi ya chungwa kabisa, usiogope, bado nili.

Sasa nili ndo ina haraka, ukishaichanganya na maji subiri dakika 15 tu upake hapohapo, mara ya kwanza niliilaza usiku kucha kama hina haikushika kitu, niliumia sana. Ikae kichwani saa moja na nusu, suuza na maji matupu, shampuu achana nayo. Siku hiyo zinaweza kuonekana kijanikijani ila ndani ya siku mbili zinakolea zenyewe, zangu zimekuwa nyeusi nzuri mno, mama kaniuliza nimesuka nywele za nani!

Amla inalainisha, nimeipenda, ila peke yake haijafunika hata unywele mmoja.

Halafu someni nyuma ya pakiti, hina "nyeusi" inayoshika kwa dakika chache mara nyingi ina PPD, kemikali hiyohiyo ya rangi za dukani. Mizizi ikitoka narudia.