TAHADHARI: Muuza yurti za "sufu halisi" anayepita kwenye magrupu yetu

Ndugu zangu mlioko Colorado na majimbo jirani yenye milima, nimelizwa dola 9,400 na sitaki mwingine alizwe.

Kuna mtu anapita kwenye magrupu yetu akiuza yurti, yale mahema makubwa ya duara kama nyumba ya msonge, yenye ukuta wa fito zilizopishana na makombamoyo yanayokutana juu kwenye pete ya mbao. Ana Kiswahili kitamu. "Dada yangu" haimtoki mdomoni, na watoto wako atawaulizia. Anadai yurti zake zinatoka Kirgizistani, ni za sufu ya kondoo, na theluji haziiogopi.

Picha alizonitumia zilipigwa ziwa Song-Kul, huko Kirgizistani. Nilikuja kuzikuta baadaye kwenye kurasa za watalii. Song-Kul iko mita 3,000 na ushee juu ya usawa wa bahari, ni kweli, lakini wafugaji wa kule huzisimamisha yurti zao kiangazi, kisha huzifungua na kushuka nazo kabla baridi haijakaza. Kwa hiyo hata kama picha zingekuwa zake, zisingethibitisha chochote kuhusu theluji.

Pesa nilituma kwa simu. Alinisisitiza nichague malipo ya "familia na marafiki" ili tusikatwe ada. Hapo ndipo aliponiweza, kwa sababu malipo ya namna hiyo hayamlindi mnunuzi. Baadaye akaja na "mzigo umekwama forodha", nikaongeza dola 600.

Mzigo ulipofika, niliishika ile "sufu" nikaona nyepesi mno. Nikakata kipande, nikakiwasha nje. Sufu halisi ikiungua hunuka kama nywele, na majivu yake husagika vidoleni. Hiki kiliyeyuka, kikadondoka matone, kikaacha vidonge vyeusi vigumu. Ni poliesta! Kitu hicho kilikuwa kikae jirani na bomba la jiko la kuni, watoto wangu wamelala chini yake.

Nikaivua hiyo poliesta, nikanunua sufu ya kwangu. Kosa langu ni kwamba sikuikagua kebo.

Muielewe vizuri kebo, maana ndiyo roho ya yurti. Makombamoyo husukuma ukuta kwenda nje muda wote, na kinachouzuia usifunguke ni ule waya wa chuma unaouzunguka kwa juu, kama pete ya pipa. Wakirgizi hutumia mikanda mipana ya kufumwa. Mimi niliuziwa waya mwembamba wenye kibano kimoja tu. Theluji ya Machi, ile yenye maji, ikilala sentimita 30 juu ya yurti ya kipenyo cha mita 6 inaweza kupita tani 2. Yetu iko mita 2,900. Asubuhi moja nilikuta ukuta wa upande wa jiko umetanuka, kibano kimeteleza, makombamoyo 5 yamechomoka kwenye pete na moja limetoboa turubai. Namshukuru Mungu usiku ule tulilala mjini kwa shemeji.

Nilipompigia simu, akasema ni uzembe wangu, sikufagia theluji. Kesho yake akaniblock.

Anayetaka yurti amwombe muuzaji hesabu za mhandisi za uzito wa theluji, azilinganishe na kiwango cha kaunti yake. Muuzaji wa kweli anazo. Aombe pia atumiwe kipande cha sufu akichome mwenyewe, na alipe kwa kadi ya mkopo ili aweze kupinga malipo. Ukitajiwa "familia na marafiki", ondoka.

Nasikia sasa ana namba nyingine na anasema yuko Utah. Uliyekwisha kumtumia advansi, piga simu benki leo hii, kisha ripoti FTC (tume ya serikali kuu ya Marekani inayopokea malalamiko ya utapeli) na IC3 (kituo cha FBI cha kuripoti uhalifu wa mtandaoni). Mimi nimeripoti kote kuwili, na picha za kile kibano ninazo kwa yeyote anayetaka kulinganisha na chake.