The Arsenal Stadium Mystery (1939): mauaji katikati ya mechi

Shabiki wa Arsenal wa Dar, awe wa Sinza au Mbagala, akitaka filamu moja tu ya kipelelezi ya Uingereza ya zamani, aanze na hii. Arsenal inacheza Highbury, uwanja wake wa zamani, na timu ya ridhaa iitwayo Trojans. Mchezaji mpya wa Trojans, Doyce, anadondoka uwanjani watu wakimtazama, na anakufa. Kumbe amepewa sumu. Inspekta Slade wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, anaitwa, na wote waliocheza timu moja na marehemu wanakuwa watuhumiwa.

Filamu nyingi za Uingereza za miaka ile zilitengenezwa harakaharaka. Sheria ya 1927 ililazimisha kumbi za sinema kuonyesha kiasi fulani cha filamu za Uingereza yenyewe, basi wenye kampuni wakazitoa kwa bei ya chini, mara nyingi kama pauni 1 kwa kila futi ya mkanda. Mkanda wa milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, kwa hiyo filamu ya saa moja ilikuwa ya pauni 5,400 hivi. Hii ni nzuri kuliko hizo, lakini nayo imebana matumizi, na hapo ndipo ilipopata utamu wake. Mwongozaji Thorold Dickinson hakuigiza mechi nzima. Alitumia mechi ya kweli ya Arsenal na Brentford ya tarehe 6 Mei 1939, siku ya mwisho ya ligi msimu ule, iliyoisha 2-0 kwa Arsenal. Brentford ndio "Trojans" unaowaona kwa mbali, jezi nyeupe na bukta nyeusi. Umati ni wa kweli, na Highbury ni ile yenyewe, kabla haijageuzwa nyumba za kuishi.

Wachezaji wa Arsenal wanajiigiza wenyewe. Meneja George Allison kapewa maneno mengi kuliko wote, na anayasema bila woga wa kamera. Akisema kwamba ni moja bila kwa Arsenal na ndivyo wanavyopenda, utacheka kama shabiki wa leo.

Leslie Banks, anayemwigiza Slade, ndiye anayeibeba filamu. Alijeruhiwa usoni katika Vita Kuu ya Kwanza na upande mmoja ukabaki na kovu na kupooza. Mtazame anavyogeuza uso: kwenye utani anakuonyesha upande mzima, kwenye mahojiano makali ule mwingine. Huyu inspekta ana hamu na maonyesho ya jukwaani ya polisi kuliko maiti, na hilo linampa uhai ambao wapelelezi wa filamu za bei rahisi huwa hawana.

Udhaifu upo katikati. Visa vya mapenzi vinavuta muda, na watuhumiwa ni vijana wa umri mmoja, nywele zimelazwa kwa mafuta, jezi moja, rangi nyeusi na nyeupe. Ukisinzia dakika kumi za mwanzo, hutawatofautisha tena. Shika majina matatu tu: Doyce, Morring na Raille.

Filamu ni kama dakika 85. Kwenye runinga pana weka picha 4:3. Ukiiacha ijaze kioo, wachezaji wanakuwa wafupi wanene na mpira unakuwa yai. Sauti ni ya njia moja na imekaa juu, kwa hiyo shusha besi ya sabufa, la sivyo kelele za umati zitameza maneno. Kiingereza chao ni cha haraka, tafuta nakala yenye maandishi chini. Usisome muhtasari mtandaoni kwanza, maana wengi wanamtaja muuaji.

Anayeitafsiri kwa kibanda umiza anyamaze Allison anapoongea na wachezaji wake, kisha ndipo aeleze. Mazungumzo ya maabara ayafanye mafupi, ila jambo la sumu alieleze lote, kwa sababu bila hilo mtego wa Slade mwishoni hautaeleweka.