Pointi za foleni au pointi za tiketi: ipi ina haki zaidi?

Majimbo mengi ya magharibi mwa Marekani hugawa vibali vya kuwinda elki (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) na kulungu kwa droo. Anayekosa hupata pointi, lakini thamani yake hutegemea jimbo.

Colorado, kwa sehemu kubwa, hutumia foleni: mwenye pointi nyingi huchukua kwanza. Faida yake ni kwamba unaweza kukadiria zamu yako. Kasoro ni hesabu. Tuseme eneo lina vibali 20 kwa mwaka na watu 400 wamelingana kileleni: kuwamaliza hao pekee ni miaka 20, huku wa chini yao wakizidi kurundikana. Kijana anayeanza leo huenda akazeeka foleni. Ukiomba kama kundi, huhesabiwa pointi za mwenye chache zaidi, basi chagua wenzako kwa makini. Ukipata kibali cha chaguo la pili kwenye ombi lako, pointi zako hazitumiki.

Nevada hutumia tiketi: huzidisha pointi zako kwa zenyewe, kisha huongeza 1, na jibu ndiyo idadi ya tiketi zako kwenye droo. Pointi 10 ni tiketi 101. Asiye na pointi ana 1. Anayeanza anaweza kushinda, ila mkongwe anaweza kukosa hadi mwisho. Kundi hutumia wastani.

Kwa maeneo yanayogombewa sana, naona Nevada ina haki zaidi, kwa kuwa haifungi mlango. Kwa maeneo ya kawaida foleni inatosha. Wyoming huchanganya: kati ya vibali vya elki vya wasio wakazi wa jimbo hilo, 75% hugawiwa kwa pointi, 25% kwa bahati tupu. Idaho haina pointi kabisa.