Niliomba kompyuta ya kubana video, nikauziwa ya kuzitazama

Nianze na muuzaji. Kompyuta yenyewe nitaitetea kidogo huko mbele, na sitaki mtu adhani nikifika hapo hasira zimeniisha.

Nilikwenda dukani na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeandika kazi ninayotaka kuifanya nyumbani: kubana video, yaani kupunguza ukubwa wa faili, kwa programu ya HandBrake, zile za 4K tunazopiga kwa simu, pamoja na kanda za zamani za MiniDV za familia, ambazo saa moja tu ukishaihamishia kwenye kompyuta inakula karibu GB 13. Chini yake niliweka sharti moja na kulipigia mstari: lazima kuwe na enkoda ya video, kile kipande cha chip kinachobana video, iwe ndani ya prosesa au ndani ya kadi ya michoro, ili H.265, mfumo wa kubana video ninaoutumia, iende haraka. Muuzaji akaipokea karatasi, akaitupia jicho, akaniuliza, "Dada, hii kompyuta ni ya nani? Mwenyewe aje nimweleweshe." Nikamwambia mwenyewe ndiye huyu anayeongea naye. Akacheka, akanirudishia karatasi yangu bila kufika kwenye ule mstari.

Kisha akanileta mbele ya mashine inayowakawaka taa. "Hii inabeba gemu lolote. Sasa kama inabeba gemu, video ni kitu gani?"

Hilo ndilo jibu lililoniumiza zaidi, maana lina sura ya ukweli na wengi wanalinunua. Nguvu ya gemu haina uhusiano na kasi ya kubana video. Enkoda ni kipande chake peke yake ndani ya chip, kimetengenezwa kwa kazi hiyo moja. Intel wanacho chao, Quick Sync, tangu 2011. NVIDIA wakaja na NVENC 2012. AMD nao wana cha kwao. Ndiyo maana kadi ndogo kabisa ya kizazi fulani mara nyingi inabana video kwa kasi inayokaribiana sana na ya kaka yake mkubwa wa kizazi hicho hicho, ingawa kwenye gemu haimfikii hata robo. Na ndiyo maana ziko kadi zisizo na enkoda hata kidogo: GT 1030 ya NVIDIA ni mojawapo, RX 6400 na RX 6500 XT za AMD nazo hazina. Upande wa prosesa, zile za Intel ambazo jina linaishia na herufi F zimezimwa sehemu ya michoro, na Quick Sync inaondoka pamoja nayo. Haya si mambo ya siri. Mtu anayeuza kompyuta kila siku anapaswa kuyajua, na kama hayajui, basi aseme "ngoja niangalie".

Mimi nilipewa yote mawili katika boksi moja. Prosesa ya F, na kadi isiyo na enkoda. Kwenye risiti wameandika "kompyuta ya kazi za video".

Nilipofika nyumbani na kufungua HandBrake, orodha ya enkoda ilikuwa na zile za prosesa tu. Hakuna Quick Sync, hakuna NVENC, hakuna ya AMD. Nikajaribu video ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde kwa x265, enkoda ya programu inayobana H.265 kwa prosesa peke yake, feni zikaanza kuunguruma, muda uliobaki ukawa unaongezeka badala ya kupungua. Video ya dakika chache za sherehe ya mdogo wangu, niliyotaka kuituma kwa ndugu jioni ile ile, ikakaa hapo mpaka watu wakalala.

Nikairudisha. Nataka niwaambie kilichotokea kaunta, kwa sababu bado kinanichemsha mpaka leo. Yule yule muuzaji akachomeka kioo, akatafuta video ya 4K, akaifungua. Ikacheza vizuri, bila kukwama. Akawageukia wateja wengine waliokuwa wamesimama pale, halafu akanigeukia mimi: "Si hii hapa inacheza? Dada yangu, unataka nini tena?"

Nikamweleza polepole kwamba kucheza video na kuibana ni kazi mbili. Kucheza ni kuifungua video iliyokwisha kubanwa, na hilo karibu kila chip ya miaka ya karibuni inaliweza, hata kadi yangu. Kubana ni kuipitia kila fremu, kuilinganisha na za kabla na za baada yake, na kuamua kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe. Hiyo ndiyo kazi nzito, na hiyo ndiyo niliyoiandika kwenye karatasi. Nikafungua HandBrake mbele yake, nikamwonyesha orodha. Hakuangalia. Alisema, "Hayo mambo ya mitandaoni yanawachanganya sana akina dada." Nikaomba kubadilishiwa kadi tu, nikasema niko tayari kuongeza hela. Akajibu kuwa kifaa kizima hakibadilishwi, na video imecheza, mashahidi wapo.

Mashahidi! Kana kwamba nilikwenda pale kuiba.

Sasa kuhusu mashine yenyewe. Nilikuwa nimeazimia kuipa nyota moja na kufunga mjadala, lakini kanda za MiniDV zimenizuia. Picha zake ni ndogo, si za 4K, na zimerekodiwa kwa mistari inayopishana, kwa hiyo ukiziangalia kwenye kioo cha kisasa unaona meno meno kila mtu anapotembea. Kuyaondoa meno hayo, na kusafisha chengachenga za kanda iliyochoka, ni kazi ya vichujio, na kwenye HandBrake vichujio vya aina hiyo vinafanywa na prosesa hata ukiwa na enkoda bora kuliko zote. Hapo prosesa hii ya koa (core) nyingi inafanya kazi nzuri mno. Kanda ya saa nzima inaisha kabla sijamaliza shughuli nyingine za nyumbani, na sura ya marehemu bibi inaonekana safi kuliko tulivyowahi kuiona kwenye televisheni. Siwezi kuisema vibaya kwa hilo.

Tena kuna jambo ambalo wanaopenda kasi hawapendi kulisikia: x265 ikipewa muda, faili inatoka ndogo kuliko ya enkoda ya kwenye chip kwa ubora ule ule. Kwa video ninayotaka idumu, naiacha prosesa ifanye usiku kucha. Kwa hiyo ukiniuliza kama mashine ni mbaya, hapana. Kama kazi yako ni kuhifadhi kanda za zamani peke yake, inunue, weka kipoozeo kizuri maana x265 inachemsha prosesa kuliko gemu, wala usihangaike na kadi.

Lakini kazi yangu si hiyo peke yake! Niliiandika! Video za simu zinakuja kila wiki, ndugu wanazisubiri, na hakuna anayehitaji ubora wa kuhifadhi miaka hamsini kwa ajili ya kuona mtoto akikata keki. Hapo ndipo enkoda inapohitajika, na hapo ndipo niliponyimwa. Badala yake nilishawishiwa kulipia RAM nyingi na SSD ya kasi sana, vitu vizuri kwa mengine, ila katika kubana video SSD inakaa inasubiri prosesa tu.

Hatimaye nimenunua kadi nyingine mahali pengine, Intel Arc A380, nikaifunga mwenyewe. Ni ndogo, kwenye gemu haitambi, lakini ina enkoda ya H.264, ya H.265 na hata ya AV1, mfumo mpya zaidi wa kubana video. Ile video iliyonilaza macho inakwisha sasa kwa muda mfupi kuliko urefu wake. AV1 siitumii kwa kutuma, simu nyingi za nyuma kidogo hazina dekoda yake, kipande cha kuifungua, na zinapata moto kuicheza. H.265 inatosha, na kwa wenye simu za zamani zaidi natuma H.264.

Nyota: mashine tatu, pengine nne nikiwa naangalia kanda za bibi. Duka halina hata moja.

Majuzi wamenipigia, safari hii mtu mwingine, mpole, akisema wameona malalamiko yangu na wako tayari kunibadilishia kadi. Nikamuuliza nitapewa ipi. Akanitajia modeli ile ile waliyoniuzia mwanzo, isiyo na enkoda. Nimemwambia sihitaji kadi, nahitaji hela yangu, na yule kijana wa kaunta aisome karatasi yangu mpaka mwisho.