Lengai kutokea Arusha: mlima nyota tano, kampuni nyota tatu

Wadau mnaoulizia kupanda Lengai, ile volkano hai ya mkoani kwetu Arusha, nimeenda na nimerudi, nasema kweli nendeni, ila muulize maswali kabla hamjalipa.

Nyota tano zote ni za mlima na za mwongozaji wetu, kijana wa Kimasai wa palepale Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima. Mlima Meru wetu nao ni volkano ila umetulia tangu 1910, hii Lengai inasinzia tu, mlipuko mkubwa wa mwisho ni wa 2007 na 2008 na majivu yake ndo unayapanda. Yameganda, mvua imeyachimba mifereji, unapita humo, unapiga hatua moja unateleza nusu, na juu kunasimama kiasi kwamba unapanda kwa mikono. Urefu mita 2,962 tu lakini usiudharau. Tulianza usiku wa manane maana kule ni kukame, hakuna mti wala kivuli, jua likikukuta katikati umekwisha. Karibu na kileleni yule kijana akawa anagonga chini kwa fimbo kabla hatujakanyaga, pakilia kama debe tupu anatuzungusha pembeni, hana haraka wala hapigi kelele. Mvuke unatoka kwenye nyufa, harufu ya salfa hadi kooni, na akatuonyesha lava ya zamani iliyogeuka nyeupe. Lava ya Lengai ni ya magadi, hakuna volkano nyingine duniani inayotoa hiyo siku hizi, joto lake nyuzi 500 hadi 600 wakati za Hawaii zinapita 1,000, inatoka nyeusi nyepesi halafu ikipata unyevu inakuwa nyeupe. Kitu kama hiki kipo mkoani kwetu jamani na wengi tunakisikia kwa wageni!

Sasa kampuni ya mjini iliyotupeleka. Gari zima, dereva mstaarabu, alisimama mwenyewe Shimo la Mungu, lile shimo kubwa la njiani, tukaliona vizuri. Ila ada za mageti ya njiani hazikuwa kwenye bei na tumeambiwa tukiwa tumeshapita Mto wa Mbu, hiyo sio sawa kabisa, mtu ana bajeti yake. Na hakuna aliyetuambia kuhusu kushuka, kushuka ndo kazi, magoti yanatetemeka, jua limeshawaka na maji waliyotupa yaliishia kileleni.

Kwa hiyo ulizeni mageti mangapi na nani analipa, bebeni glavu za kushikia mawe, na maji ya kushukia muyatenge kabisa yasiguswe wakati wa kupanda.