Makabati ya jiko la ndani ya Hiace: yapi ya kununua, yapi ya kuacha

Kuanzia Juni mpaka Septemba, mikorosho inapotoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga unapoinyemelea, huwa siishi nyumbani kwangu Mtwara mjini. Nazunguka vijiji vya Tandahimba na Newala nikitengeneza mashine za kupulizia salfa, dawa ya ugonjwa huo, na usiku nalala ndani ya Hiace. Nyuma ya kiti cha dereva kuna vipuri, katikati godoro, na ubavuni, kuelekea mlango wa nyuma, kuna kabati la jiko. Kabati hilo ni la tatu. Mawili ya kwanza yalinitia hasara.

Kila nikisimama Nanguruwe au Kitangari lazima mtu achungulie aniulize limetengenezwa kwa mbao gani. Wengine ni madereva wanaopeleka wageni Kilwa na Msimbati, wengine wanafuata minada ya korosho, wengine ni kina mama wanaotaka kupika na kuuza chakula kwenye gari. Wote nawaambia waanze na uzito, wafuate gundi, kisha makomeo. Uzuri wa kabati uje baada ya hayo. Hapa nazipanga aina sita, kuanzia ninayoishauri zaidi mpaka ya kuacha.

Kinachoua kabati la gari

Kabati la nyumbani likishapangwa halihami. La kwenye gari hutikiswa kutwa nzima kwenye barabara za vumbi, na hata msumari uliopigwa vizuri huanza kujichomoa kidogo kidogo mpaka siku moja unaukanyaga. Kwa hiyo fundi akikuambia atafunga kwa misumari, mshukuru uende kwa mwingine. Kabati la gari hufungwa kwa gundi na skrubu.

Adui wa pili nilikuwa namchanganya. Nilimkuta fundi mmoja wa mashua Mikindani akisindilia pamba kwenye maungo ya mbao. Nikamwamkia, nikamwonyesha kipande cha kabati langu kilichooza huku nikiilaumu chumvi ya bahari. Akakinusa, akakibonyeza kwa ukucha.

"Hii siyo chumvi, mwanangu. Chumvi inakula chuma. Mbao inaliwa na maji ya mvua. Mashua yangu ikiingia maji ya bahari sina wasiwasi. Ikituamisha ya mvua, siku hiyo silali."

Tangu hapo nikinunua vitu vya chuma naiwazia chumvi: bawaba, skrubu na reli za droo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Nikinunua mbao nawazia mvua: mpira wa dirisha unaovuja, dumu linalotoa jasho, sinki linalodondosha tone moja moja.

Na sisi tunaofanya kazi kwenye mikorosho tuna adui wa tatu, salfa ya unga. Inapenya kila upenyo, inaingia kwenye unga na sukari, na ikikutana na unyevu hugeuka tindikali taratibu na kutafuna bawaba. Milango ya kabati iwekewe mpira mwembamba kuzunguka ukingo, ule ule wa milango ya magari. Hilo ni jambo dogo ambalo hakuna fundi aliyewahi kunishauri bila mimi kusema.

Nafasi ya kwanza: plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya paini

Hili ndilo nililonalo sasa, na ndilo ninalomshauri karibu kila mtu. Unanunua plaiwudi mwenyewe, unampelekea fundi seremala wa mtaani kwako, unakaa naye.

Sababu kubwa ni uzito. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 ya milimita 12 ina kama kilo 21. Ya milimita 18, ambayo mafundi wengi huipenda kwa sababu ndiyo waliyozoea kwenye nyumba, ina kama kilo 32. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18 inakaribia kilo 38. Kabati langu limekula shiti mbili na kitu, kwa hiyo tofauti ni kilo 20 na zaidi, uzito wa dumu zima la maji. Na juu kule kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako maji hufuatwa mbali, bora nibebe maji kuliko nibebe mbao isiyo na kazi.

Tatizo la plaiwudi ni kwamba mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Muuzaji atakuambia zote ni "za maji". Mimi niliomba vipande vya ukubwa wa kiganja kutoka maduka matatu, nikaandika alama kwa kalamu, nikavitia kwenye sufuria nikavichemsha saa nzima. Cha kwanza kilifunguka kama kitabu kilicholowa, tabaka baada ya tabaka. Cha pili kilivimba ukingoni. Cha tatu kilitoka kama kilivyoingia, kimebadilika rangi tu. Nikarudi kwa yule wa tatu. Ukikosa muda wa kuchemsha, angalia ukingo wa shiti: hesabu matabaka, ukute mengi na membamba, na usione mashimo katikati. Shiti yenye mashimo ukingoni ina mengine ndani usiyoyaona, na skrubu ikiangukia humo haishiki.

Ile plaiwudi yenye ngozi nyeusi au ya kahawia ambayo mafundi ujenzi hufungia zege nayo inafaa, hasa kwa sakafu ya kabati na sehemu ya sinki, maana ngozi yake haipitishi maji. Ila ni nzito, na ukishaikata ukingo unabaki wazi kama wa nyingine.

Ukingo ndio mdomo wa plaiwudi, maji yote hunywewa hapo. Mwambie fundi akate vipande vyote kwanza, apake vanishi kingo zote mara tatu, ndipo aunge. Wengi wanaunga kwanza kisha wanapaka kinachoonekana. Kingo zilizogusana ndani zinabaki kavu, na uozo huanzia huko.

Fremu iwe ya paini, zile mbao za mbili kwa mbili zinazotoka Mafinga. Ni nyepesi na zinashika skrubu vizuri zikiwa zimekauka. Inyanyue: iliyokauka ni nyepesi mkononi, mbichi utaihisi.

Nafasi ya pili: sanduku la jiko la kutoa na kurudisha

Kama gari lako Jumatatu linabeba abiria au mzigo na Ijumaa ndiyo linakuwa nyumba, usifunge kabati la kudumu. Tengeneza sanduku moja au mawili ya plaiwudi ya milimita 9, yenye mifuniko ya mbele inayofunguka na kuwa meza, yakae mlango wa nyuma. Unafungua mlango, unavuta, unapikia nje chini ya kivuli cha mlango wenyewe. Kwa familia inayokwenda Msimbati kulala ufukweni siku mbili na kurudi, sioni haja ya zaidi ya hapo. Lifungwe kwa mikanda ya kukazia mzigo, kwenye pete zilizopigwa bolti sakafuni. Kamba ya katani hulegea njiani.

Ningeliweka la kwanza, isipokuwa kwa anayeishi ndani ya gari wiki nzima kutoa na kuingiza kunachosha.

Nafasi ya tatu: alumini

Mafundi wa madirisha ya alumini wapo Mtwara mjini na Lindi mjini, na wengi wanaweza kukutengenezea kabati kwa vyuma vile vile vya madirisha. Ni jepesi, haliozi kwa mvua, halina mchwa, na salfa hufutika kwa kitambaa. Kelele zake lakini! Vipande vikianza kulegea unasikia gari zima linacheka meno. Viungo vyake vingi ni vya riveti, na riveti huchoka kwa mtikisiko. Omba bolti ndogo kwenye kona zote zinazobeba uzito. Pia alumini ikigusana na chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi huanza kutoka unga mweupe na kuliwa, kwa hiyo kila bolti iwe na washa ya mpira au plastiki. Anayeishi karibu kabisa na bahari, Kilwa Masoko kwa mfano, anaweza kuipandisha hadi nafasi ya pili.

Nafasi ya nne: mninga

Kabati langu la pili lilikuwa la mninga mtupu, na sijapata kuwa na kitu kizuri zaidi. Sisi watu wa kusini tunaupenda mti huu kwa haki. Hausinyai ovyo, haupindi, mchwa hauwezi, na ukipigwa msasa rangi yake inakuwa kama asali. Fundi alikuwa mtaalamu, maungo yote ya ulimi na tundu.

Lakini meta moja ya mraba ya mbao ya mninga yenye unene wa inchi moja ina kama kilo 16. Plaiwudi ya milimita 12 kwa eneo hilo hilo ina kama 7. Tulipolipandisha tulikuwa wanaume wanne. Mwezi wa pili nikaona gari limeinama upande wa kushoto, na kila tukiingia shimo tairi linagusa bodi. Nililitoa. Sasa liko sebuleni, mke wangu anaweka vyombo.

Kwa hiyo mninga utumie kwa kipimo: mlango mmoja, uso wa droo, ubao wa kukatia vitunguu. Mkongo ni mzito zaidi, sijui kwa nini mtu autie kwenye gari. Na popote unaponunua mbao za asili, ziwe za Liwale, Nachingwea au Kilwa, angalia alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na udai risiti na hati ya kusafirishia. Mbao isiyo na karatasi itakusumbua kwenye kizuizi cha kwanza, na inatoka msituni kwa njia inayowaibia wanakijiji wanaoutunza msitu huo.

Nafasi ya tano ni fremu ya bomba za mraba za chuma, zilizochomelewa. Imara, rahisi, kila mji una mchomeleaji. Pwani kwetu inaliwa na kutu kutoka ndani ya bomba ambako rangi haifiki. Kama gari lako linashinda Masasi au Nachingwea, mbali na bahari, unaweza kuifikiria.

Ya mwisho: makabati ya dukani ya MDF au chipubodi

Hili lilikuwa langu la kwanza. Jeupe, linang'aa, tayari kwenye boksi, na bei yake ndiyo iliyonivuta. Mvua za Desemba zilipoanza, mpira wa dirisha ukavujisha, maji yakashuka nyuma ya kabati nisione. Baada ya siku chache sehemu ya chini iliumuka kama andazi, ngozi nyeupe ikabanduka, ukibonyeza kidole kinazama. Skrubu zilizoshikilia bawaba hazikuwa na pa kushika tena. Tukiwa kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala kwenda Masasi, mlango ukang'oka wote na bawaba zake, sufuria ya ming'oko ikatua juu ya vipuri, na chupa ya mafuta ya kula ikapasuka juu ya godoro. Harufu ya yale mafuta nililala nayo msimu mzima.

MDF ina mahali pake, ndani ya nyumba kavu. Kwenye gari la kusini, hapana, hata ukiuziwa kwa nusu bei.

Makomeo, gesi na vipimo

Sumaku za milango ya kabati hazitoshi, shimo moja tu zinaachia. Nunua makomeo ya kusukuma yanayojifunga, au komeo la kawaida la kuteleza. Kwa droo, mwombe fundi aweke kijino chini ya ukingo wa mbele: droo haitoki mpaka uinyanyue kidogo. Hakigharimu kitu na hakijawahi kuniangusha.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, humo humo unamoweka godoro. Sehemu ya mtungi itengwe na kabati lingine, na sakafuni pake patobolewe tundu la kutokea nje ya gari. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungo uangalie kama linatoa mapovu. Pika mlango ukiwa wazi. Na jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata kama nje kuna baridi ya Julai ya Newala. Moshi wake usioonekana unaua mtu usingizini.

Kuta za Hiace zimepinda, kwa hiyo usimpe fundi vipimo vya futikamba peke yake. Kata maboksi, yalaze ukutani, chonga mpaka yakae sawa, halafu mpelekee hayo maboksi. Urefu wa meza upime ukiwa umesimama nje kwenye mlango wa nyuma, maana huko ndiko utakakopikia. Maji na mtungi vikae chini, karibu na ekseli ya nyuma. Kabati lote lishikwe kwa bolti zinazopita kwenye matundu ya viti vilivyong'olewa, pale bodi ina nguvu.

Kuhusu malipo, nunua vifaa mwenyewe na fundi mlipe ufundi. Mpe nusu akianza. Robo mpe kabati likishafungwa garini. Robo iliyobaki mwambie mapema kwamba utamlipa baada ya safari moja ya barabara ya vumbi, kabati likiwa na sufuria, dumu la maji na mtungi ndani, na yeye mwenyewe akiwa amekaa nyuma anasikiliza. Fundi wangu alishuka mara mbili njiani kukaza skrubu, na mara ya tatu akasema tugeuze, kuna bawaba anataka kuibadilisha.