Kitabu chenye kufuli au EPUB huru?

Ukinunua kitabu cha Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, chenye kufuli la kidijitali linalozuia kukinakili, unapewa leseni ya kusoma tu. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya 1984 ya George Orwell kwenye vifaa vya watu waliokwisha kulipa. Pesa zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alibaki na maelezo aliyoyaandika pembeni mwa kurasa ambazo hazipo tena. Hilo linaniuma hadi leo. Februari 2025 ikaondolewa hata njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya wa USB.

EPUB, yaani faili la kitabu linalosomeka kwenye vifaa vya kampuni mbalimbali, isiyo na kufuli? Chomeka Kobo, kifaa kingine cha kusomea vitabu, kwenye kompyuta, buruta faili, chomoa, soma. Ukibadilisha kifaa, faili bado ni lako. Kwa wepesi wa kununua Kindle inashinda. Pesa yangu naipeleka kwenye EPUB.